Nilimnyang'anya dogo funguo

Najua nimeadimika, msinipige mawe. Nilikuwa field kule Naliendele, jirani na kituo cha utafiti wa korosho. Sasa nimerudi chuo, na kuna kitu nimekibeba rohoni tangu wiki ya pili ya field. Leo nakitua hapa.

Shule niliyopangiwa ina chumba cha kompyuta, mashine 12 kuukuu. Hazina diski hata moja. Ukiziwasha zinachota mfumo wa Linux kutoka kwenye seva moja iliyokaa kona, kupitia waya wa mtandao. Mpango huo unaitwa LTSP, ulianza mwaka 1999, ila wazo ni la zamani zaidi. Miaka ya 1980 Sun Microsystems walikuwa wanauza kompyuta za Unix zisizo na diski, zikiwaka kwa mtindo huo huo. Kwa shule isiyo na hela ni mkombozi, maana ukitunza seva moja umetunza chumba kizima.

Basi bwana, Jumatatu naingia na Form Two, somo nimeliandaa usiku kucha. Washa: saba zimewaka, tano zimegoma. Nikabadilisha waya, nikapangusa vumbi, nikapiga piga kwa kofi kama redio ya babu. Wapi! Kipindi kimeisha watoto wamekaa wanne wanne, wengine hawajagusa hata kibodi.

Hasira zikanipanda. Nikamwita kiranja wa chumba, dogo mmoja mpole anayefagia mle na kushika funguo.

"Umegusa nini humu?"

"Sijagusa kitu, mwalimu."

Nikamnyang'anya funguo mbele ya wenzake. Nikajiona mwalimu kweli kweli.

Jumanne zikagoma nne. Lakini si zile za jana! Dogo akanyoosha mkono:

"Samahani mwalimu. Hii ya dirishani jana ilikataa, leo imekubali. Na mimi sijaingia humu, funguo unazo wewe."

Darasa zima kimyaaa. Dah!

Jioni nikarudi peke yangu, safari hii nikafanya nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo: nikasoma skrini. Yale maandishi meupe yanapita haraka, ukipepesa macho yameondoka. Yalisema PXE-E53.

Kwa wale wasiojua, kompyuta isiyo na diski ikiamka haijui hata jina lake. Kadi ya mtandao inapiga kelele kwenye waya: jamani, mimi ni nani? Seva ya DHCP inajibu kwa kuipa anwani, na kuielekeza faili la kuanzia linaitwaje na liko kwa nani. Ndipo inakwenda kulichukua kwa njia ya TFTP, vipande vya baiti 512, kisha Linux inaanza kupanda. Sasa kila kituo kina namba yake ya kosa. E61, angalia waya. E51, nimeita hakuna aliyejibu. E32, nimeambiwa niende kwa fulani lakini fulani haitikii. Na E53 maana yake nimejibiwa, ila sijapewa jina la faili.

Yaani waya ulikuwa mzima! Mimi nimehangaika na waya siku nzima, wakati mashine inaniambia imejibiwa. Swali likawa, imejibiwa na nani?

Nikachomoa waya zote kwenye swichi, nikabakiza seva na mashine moja. Ikawaka. Nikairudishia ya pili, ikawaka. Nikaenda hivyo moja moja mpaka ya 12, zote safi. Ukabaki waya mmoja wa bluu. Nikaufuata kwa mkono mpaka mwisho wake, chini ya meza ya mwalimu.

Ilikuwa ruta yangu.

Jumapili jioni nilikuwa nimeichomeka mwenyewe, nipate intaneti ya kushushia notisi. Ruta nayo inagawa anwani, ila habari za faili la kuanzia haina. Kwa hiyo mashine ikiita, wanajibu wawili, na kadi zetu za zamani zilikuwa zinamsikiliza aliyewahi. Ikiwahi seva, mashine inawaka. Ikiwahi ruta, E53. Ndiyo maana kila siku zinagoma tofauti. Dogo aliona hilo kabla yangu, bila hata kujua DHCP ni mdudu gani.

Usiku ule sikulala vizuri. Kuzima ruta ni sekunde mbili. Kusimama mbele ya watoto 40 na kusema "nilikosea mimi" ndiyo shughuli. Nilifikiria hata kumrudishia funguo kimya kimya pembeni ya bomba la maji. Lakini nilimwaibisha mbele ya watu, kwa hiyo Jumatano nilimwomba radhi mbele ya watu hao hao, nikawaonyesha na ruta yenyewe. Walicheka sana. Yeye akapokea funguo kwa mikono miwili, akasema, "Asante mwalimu," akaenda kukaa.

Halafu mashine zote 12 zikawaka.

Wenzangu wa ualimu mnaokwenda field, chomekeni chochote mnachotaka, ila kikiharibika kitu anzeni kujiuliza mlichochomeka ninyi. Mwenye kisa chake cha field aweke kwenye maoni, nisicheke peke yangu.