Neno "Run" na Karatasi ya Daktari

Leo nataka kuwaeleza habari ya neno moja dogo la Kiingereza. Lina herufi tatu tu, nalo ni "run". Kila mtoto aliyeanza kusoma Kiingereza hulijua, maana limo katika masomo ya kwanza kabisa, pamoja na kuketi na kusimama. Mwalimu hulitamka, watoto hukimbia uwanjani, na wote hucheka. Mimi nami nalijifunza hivyo, nikawafundisha wengine hivyo, nikadhani kwamba nimelimaliza. Kumbe sikulijua, na kutojua kwangu nusura kumpotezee mama mmoja mwanawe.

Mambo yalikuwa hivi. Nalikuwa kijana, mwalimu wa madarasa ya chini, na katika kijiji kile watu waliosoma Kiingereza walikuwa wachache. Barua ikija kwa lugha hiyo, huletwa kwangu, nami nalipenda sana kuonekana mjuzi. Jioni moja mjane jirani yetu akapiga hodi.

"Karibu, mama," nikamwambia. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo kidogo, Mwalimu. Leo tumetoka hospitali, amepewa dawa. Nimeandikiwa karatasi hii, lakini aliyeiandika ni mgeni, hajui lugha yetu. Tafadhali unisomee."

Nikaipokea. Habari ya dawa ilikuwa nyepesi: kidonge asubuhi, kidonge jioni, baada ya chakula. Chini yake palikuwa na mstari mmoja, na ndani yake neno "run", kisha neno la joto. Nikausoma mara mbili. Neno kwa neno ulisema, "Kama akikimbia joto, mrudishe mara moja." Maana yake haikunikalia vizuri, lakini mama alikuwa akinitazama, na wanafunzi wangu walikuwa barazani wakisikiliza. Nikaona haya kusema, "Sijui." Basi nikaunga maneno kwa akili yangu mwenyewe: "Daktari asema mtoto asikimbiekimbie hata mwili ukapata joto. Akicheza hivyo, mrudishe. Akilala kimya, hakuna neno."

Hayo ya mwisho hayakuwamo katika karatasi. Naliyatia mimi.

Usiku ule mtoto akashikwa na homa. Mwili wake ukawa moto kama jiwe la mekoni, lakini alilala kimya, hakukimbia. Mama akaketi karibu naye, akaridhika kwamba agizo la daktari linafuatwa. Alfajiri mtoto akaanza kuweweseka, asimtambue mamaye, ndipo mama akaja kwangu analia. Kwa bahati njema palikuwa na mwuguzi mzee aliyekuja kuwatazama ndugu zake kijijini. Akaishika karatasi, akaisoma, akauliza, "Ni nani aliyemfasiria mama huyu?" Nikanyamaza. Akasema, "Maana yake ni hii: Akipatwa na homa, mleteni upesi."

Tukampeleka mtoto kwa baiskeli, mimi nikisukuma na mama akimshika. Akalazwa siku sita, akapona, na leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Lakini mimi sikuweza kumtazama mama yule usoni, mpaka siku nilipokwenda kumwambia kweli yote. Akanijibu, "Mwalimu, ungaliniambia hujui, ningaliipeleka kwa mwingine." Hayo tu. Hakunitukana, lakini matusi yangalinichoma kidogo kuliko maneno yale.

Tangu hapo nikaanza kulifuata neno hili kama mwindaji afuatavyo nyayo. Nikaona kwamba kwa Mwingereza si watu tu wanaokimbia. Mto hukimbia, sisi twasema watiririka. Njia hukimbia kutoka mji hata mji, sisi twasema yapita. Mashine hukimbia ikiwa inafanya kazi, ingawa imefungwa sakafuni kwa misumari. Pua hukimbia mtu akiwa na mafua. Rangi ya nguo hukimbia ikichuja katika maji. Mkuu wa shule huikimbiza shule yake, yaani huisimamia. Na mtu atakaye kuchaguliwa katika baraza hukimbilia cheo, yaani hugombea.

Tena neno hili likipata mwenzake dogo nyuma yake, hugeuka lote. Ukilitia neno la nje, chumvi imekwisha nyumbani. Ukilitia neno la ndani, umekutana na rafiki njiani bila kutazamia. Ukilitia neno la juu ya kitu, gari limemkanyaga mtu. Ukilitia neno la chini, mtu amedhoofika, au amesengenywa, au saa imesimama kwa kukosa nguvu. Mgeni atajuaje?

Wala wageni si peke yao wanaotaabika. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mashuhuri huko London mwaka 1755, alilalamika katika dibaji juu ya vitenzi vya namna hii, jinsi vilivyo vigumu kuelezwa, na "run" alilitaja miongoni mwao. Baadaye ikaja kamusi kubwa ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928. Naye James Murray, mhariri wake mkuu, alifariki mwaka 1915 kazi haijatimia. Katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set", lenye maana zaidi ya 430. Lakini wahariri walipoyapitia maneno upya, "run" likalishinda. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba kitenzi hiki kimehesabiwa maana 645. Mhariri mmoja, Peter Gilliver, alikifanyia kazi muda wa miezi tisa, sawasawa na muda wa mama kuchukua mimba!

Sababu yake ni nini? Tangu zamani za kale neno hili lilikuwa na mambo mawili ndani yake: mwendo wa miguu, na mwendo wa maji. Basi kila kitu kiendacho bila kukoma, kama maji, kiliweza kuitwa kwa neno hilo. Mashine za viwanda zilipozidi huko Uingereza, nazo zikaingia humo, na kila kazi mpya ikaongeza maana mpya.

Ndugu zangu, tusiwacheke Waingereza. Sisi nasi tunalo neno "piga". Twapiga ngoma, hilo ni wazi. Lakini twapiga magoti, na magoti hayaumii. Twapiga pasi, twapiga picha, twapiga simu, twapiga kura, twapiga mbizi, twapiga hodi mlangoni pa jirani bila kumpiga mtu. Mgeni akisikia kwamba fundi amempiga bibi arusi picha, je, hatashtuka? Na neno "paa" ni juu ya nyumba, tena ni mnyama wa porini, tena ni kwenda juu angani, tena ni kuondoa magamba ya samaki. Sisi hatupotei, kwa sababu tuliyanyonya pamoja na maziwa. Tumvumilie basi mgeni anayejikwaa katika lugha yetu, kama tupendavyo kuvumiliwa katika yake.

Walimu wenzangu, nimejifunza kuwafundisha watoto hivi. Neno halikai peke yake. Latazamwa pamoja na majirani zake. Kwanza uliza, ni nani au ni nini kinachofanya tendo hili? Pili, ni neno gani lifuatalo? Tatu, je, maana uliyoipata yaingia akilini? Kama haiingii, usiilazimishe. Katika karatasi ile, kama ningalijiuliza swali la tatu kwa moyo mnyofu, ningalitambua kwamba hakuna daktari aandikaye amri ya namna ile.

Na likibaki giza baada ya maswali hayo matatu, kuna jibu moja lililobaki. Ni fupi, na sisi watu wa shule twaliona chungu kinywani. Nami sasa nimelifanya kuwa somo katika darasa langu: mtoto asemaye "Sijui, Mwalimu" hachekwi wala haadhibiwi, bali twatafuta pamoja naye. Wazazi nyumbani nanyi mfanye vivyo hivyo. Mtoto aliyezoea kulisema bila hofu, siku moja ataletewa karatasi na mjane, naye atalisema.