Ile makala ya taa za samaki, nilikosea

Leo nina deni la kulipa. Mhariri wangu amekataa nililipe gazetini ("nani atasoma masahihisho ya samaki?"), kwa hiyo nalilipia hapa.

Februari 2025 niliandika nusu ukurasa wa toleo la Jumapili kuhusu watu wa Dar es Salaam wanaofuga samaki wa mapambo sebuleni, hasa wale wanaopanda majani hai ndani ya tangi badala ya yale ya plastiki. Sehemu ya taa niliiandika usiku, muda wa kufunga ukurasa umeshafika. Nikasema siri ya majani kustawi ni mwanga mkali, na kipimo chake ni wati 2 kwa kila galoni ya maji. Kanuni hiyo niliitoa kwenye kitabu kimoja cha zamani. Niliiamini kwa sababu ilikuwa na namba, nikaenda kulala.

Wiki 5 baadaye simu ikapigwa chumba cha habari. Mzee mmoja wa Magomeni anamtafuta mwandishi wa samaki. Mimi nikadhani ni pongezi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyeandika habari ya taa? Basi ukipata nafasi pita nyumbani, uje uone."

Hakugomba. Bora angegomba.

Tangi lilikuwa sebuleni karibu na dirisha, urefu wake sentimita 80, maji lita 100 hivi. Maji yenyewe yalikuwa ya kijani kama mchuzi wa kisamvu. Katikati palikuwa na kipande cha gogo kilichofungiwa mmea wa anubiasi, na majani yake mapana yameota manyoya, mengine ya kijani, mengine karibu meusi. Samaki walikuwa juu kabisa wakihema. Na juu ya tangi, ikining'inia kwa waya, taa ya LED ya wati 50, zile zinazofungwa nje kumulika wezi.

Mzee alikuwa amefanya hesabu yangu neno kwa neno. Lita 100 ni galoni 26 za Kimarekani (galoni hiyo ni lita 3.8, si lile dumu letu), mara 2, wati 52. Akaenda Kariakoo, akapata ya 50.

Kisha akaniambia tangi lilikuwa la mkewe. Gogo lile marehemu alilifunga uzi kwa mkono wake mwaka 2014. Samaki wamekufa na kununuliwa wengine mara nyingi, lakini mmea ni ule ule. Akasema hivyo tu, akainuka kwenda kuleta chai. Sijawahi kunywa chai chungu kama ile, na sukari ilikuwemo.

Haya, sasa niseme nilichotakiwa kusema Februari.

Kanuni ya wati kwa galoni ilitungwa enzi za taa za tyubu. Wati ni umeme ambao taa inakula, si mwanga inaoutoa. Tyubu ya wati 18, ile ya sentimita 60, hutoa lumeni 1,300 hivi. LED ya wati 50 hutoa 4,500 au zaidi. Ukigawanya kwa lita 100 unapata lumeni 45 kwa kila lita. Wafugaji wenye uzoefu hukadiria lumeni 10 hadi 20 kwa lita kwa mimea ya kivuli, na 20 hadi 40 kwa mimea ya kati. Ukipita hapo, wanakwambia nunua na mtungi wa hewa ukaa. Hata lumeni ni makisio, maana inapima mwanga kama jicho la binadamu linavyouona. Kipimo kinachohusu mmea kinaitwa PAR, na kifaa chake ni ghali kuliko tangi zima la mzee.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa kudhani mwanga ni chakula, kwamba ukizidi mmea unanenepa. Mmea unahitaji mwanga, hewa ukaa na mbolea kwa pamoja. Mwanga ukiwa mkali unauharakisha mmea, lakini hewa ukaa iliyomo kwenye maji ya tangi la kawaida ni kidogo, kwa hiyo mmea unakwama. Anayefaidi ni mwani (si ule wa akina mama wa Paje, ni huu utando na manyoya), kwa kuwa wenyewe hauna makuu. Anubiasi ndiyo inayoumia kuliko mimea mingi. Kwao ni vijito vya misitu ya Afrika Magharibi na Kati, kama Kameruni na Gaboni, chini ya kivuli. Inakua polepole mno, na jani moja linakaa muda mrefu, kwa hiyo mwani unapata pa kujenga. Valisneria, ambayo inaota hata Ziwa Tanganyika, ina mbio zaidi, inaweza kushindana nao.

Na zile picha zilizonipumbaza? Zilikuwa za matangi ya Mjapani Takashi Amano, aliyefariki mwaka 2015. Bustani chini ya maji, taa kali juu yake. Taa niliiona. Mtungi wa hewa ukaa uliokuwa ukiyalisha matangi hayo sikuuona, kwa sababu sikuuliza.

Rangi ya taa niliitisha pia bila sababu. Kwenye boksi wanaandika Kelvini 6500, mwanga kama wa mchana, na majani yanapendeza machoni. Lakini hata taa ya njano ya 3000 mmea unaota.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Magomeni na ndoo. Taa kubwa tukaishusha, tukaweka ya LED ya wati 10, lumeni 1,000 hivi. Dirisha tukaliwekea pazia zito, maana jua la Dar nalo ni taa, tena haina swichi. Majani yaliyooza tukayakata, kwa sababu jani la anubiasi likishaharibika halirudi. Yakabaki matatu. Tukabadilisha nusu ya maji, na mzee akaendelea hivyo kila wiki. Taa inawaka kuanzia saa 8 mchana hadi saa 3 usiku, saa 7 basi, kwa soketi yenye saa. Angalizo: zile soketi za bei rahisi za kuzungusha, umeme ukikatika saa 2, nazo zinachelewa saa 2. Usipozirekebisha utakuta tangi linawaka usiku wa manane.

Kwa wiki 4 hatukuona kitu. Maji yalisafika, samaki wakashuka chini, ila mmea ulikaa kimya na majani yake matatu. Nilikuwa napiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili mzee anasema, "Bado mwanangu."

Wiki ya 7 akanipigia yeye. Nikaenda. Kati ya majani yale ya zamani palikuwa na jani jipya limejikunja, rangi ya ndizi mbichi, dogo kama ukucha, halina doa. Tulilitazama muda mrefu bila kusema. Kisha mzee akaniambia ile taa ya wati 50 ameifunga getini, na majirani wameshaanza kulalamika kwamba inawapiga machoni.