Uliza Miguu Yako Kwanza

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Hawakutuambia kuwa vingine huundwa vikazama! Sikiliza yaliyonifika, nawe ujihadhari kabla hujatoa pesa mfukoni.

Daktari aliponionya kuhusu shinikizo la damu, niliamua kujiundia baiskeli ya barabarani, kipande kwa kipande. Fremu niliipata ya mtumba, nzuri kweli. Ilipofika zamu ya gia, tamaa iliniingia. Nilitaka zile za washindani: visahani vya mbele vya meno 53 na 39, na vya nyuma vya meno 11 hadi 23. Mama watoto akaniuliza, "Baba Wanja, vilima vya Ngong utavipandaje na tumbo hilo?" Nilicheka tu. Nakiri kwa aibu kwamba pesa nilizotumia zilikuwa za karo.

Jumapili ya kwanza, mlimani, nilishuka nikasukuma. Watoto waliotoka kanisani walinipita kwa miguu wakiniambia, "Pole, mzee." Magoti yaliniuma wiki tatu.

Fundi mmoja mtaani ndiye aliyenifunza hesabu. Gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma. Katika gia yangu nyepesi kabisa, 39 kwa 23, pedali ikizunguka mara moja gurudumu lilizunguka karibu mara 1.7, yaani mita tatu na nusu hivi. Kwa mlima, huo ni mzigo! Akanishauri nitumie 50 na 34 mbele, na 11 hadi 32 nyuma. Sasa 34 kwa 32 ni kama mita 2.2 tu. Mwendo ni wa pole, lakini sishuki.

Tena kile chombo kinachohamisha cheni kule nyuma kina kipimo chake. Changu hakingeweza kubeba meno 32, kikabadilishwa pia. Na cheni ya visahani 11 ni nyembamba kuliko ya 8, kwa hivyo usichanganye. Cheni, visahani na vishikio vya gia viwe vya ukoo mmoja.

Karo niliikopa kwa shemeji, na deni likanichukua miezi mitano kulilipa. Wanja hakufukuzwa shuleni, lakini hadi leo akiniona natoka huniuliza, "Baba, unaendesha karo yangu?"

Basi ndugu msomaji, kabla hujanunua gia, uliza mlima wako, uliza miguu yako, na umsikilize mama watoto.