Tulilaumu Mkono, Kumbe ni Brashi

Yapo maneno ambayo mzazi akishayatamka hayarudi tena mdomoni. Sisi, baba na mama wa nyumba hii, tulitamka ya kwetu jioni moja mezani, na chanzo chake kilikuwa kitu kidogo sana: brashi ya kuchorea.

Binti yetu wa pili ana umri wa miaka 14. Tangu akiwa mdogo alipenda kuchora, hata kwa mkaa ukutani. Mwaka jana alipofanya vizuri shuleni tulimnunulia kisanduku cha rangi za maji. Fedha iliyobaki ilikuwa kidogo, kwa hiyo tukachukua kifurushi cha brashi 12 za bei nafuu. Juu yake paliandikwa "manyoya ya ngamia", nasi tukarudi nyumbani kwa furaha tukidhani tumempatia kitu cha maana.

Alikusudia kuwachorea bibi na shangazi zake kadi za Krismasi. Haikupita wiki, furaha ikaisha. Kila alipovuta mstari, brashi ilitawanyika kama ufagio wa chelewa. Maua yakawa mabaka. Manyoya yaling'oka na kukaukia katikati ya picha. Alichana kadi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha akaja kuomba brashi nyingine. Mmoja wetu akamjibu kwa methali, "Mchagua jembe si mkulima." Mwingine akaongeza, "Labda kuchora si kipaji chako. Shika vitabu."

Hakulia. Alifunga kisanduku, akakisukuma chini ya kitanda, kikakaa huko miezi mitatu. Hatuna budi kukiri kwamba tulifurahi kuona meza imekuwa safi.

Siku moja alitutembelea jirani yetu, mama mtu mzima aliyefundisha sanaa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Akaona kipande cha kadi iliyochanwa ndani ya daftari. Akauliza ni kazi ya nani, kisha akaomba aletewe brashi. Aliilowesha moja, akaibonyeza kiganjani, ikalala ubavu na haikuinuka. "Mwanangu," alimwambia binti yetu, "hii ni ya kupakia gundi."

Akaenda kwake, akarudi na brashi moja iliyofungwa kwa kitambaa. Ilikuwa nene tumboni na ncha yake kali kama ya sindano. Binti akaichovya mara moja tu. Akavuta tawi jembamba, akabonyeza likatokea jani, akainua mkono, mstari ukawa mwembamba tena. Jani la pili, la tatu, la nne, bila kuchovya tena. Sisi wawili tulitazamana. Mkono ulikuwa uleule.

Jioni ile yule mama alitueleza mambo ambayo tungeyajua mapema, tusingemvunja mtoto moyo. Tunayaandika hapa kwa faida ya mama mwingine mwenye mtoto wa namna hiyo.

Kwanza, brashi nyingi zinazoitwa za manyoya ya ngamia hazina unyoya wa ngamia hata mmoja. Ni jina la biashara tu. Ndani yake huwa mna manyoya ya kindi, mbuzi au farasi mdogo, na mara nyingi ni mchanganyiko. Kwa hiyo jina hilo peke yake halikuambii lolote kuhusu ubora.

Pili, kila mnyama ana tabia yake. Manyoya ya nguruwe ni magumu, yanafaa kwa rangi za mafuta. Ya mbuzi na ya kindi ni laini na hunywa maji mengi, yanafaa kupaka anga au bahari, lakini yakilala hayainuki upesi. Yanayosifiwa kuliko yote kwa rangi za maji ni ya mkia wa kicheche wa Siberia, ambayo wafanyabiashara huyaita kolinsky. Unyoya wake ni mnene katikati na huchongoka wenyewe kuelekea nchani. Fundi haukati nchani. Huupanga na wenzake mpaka ncha zote zikutane. Ndiyo maana brashi hiyo hubeba maji mengi, hurudi wima ikibonyezwa, na bado huchora mstari mwembamba.

Tukamuuliza, kwa aibu kidogo, kuhusu ile methali yetu. Akacheka. Akasema mwaka 1866 Malkia Victoria wa Uingereza, ambaye naye alipenda kuchora kwa rangi za maji, aliwaagiza Winsor & Newton wa London wamtengenezee brashi bora kuliko zote, na namba aliyoipenda ni 7. "Malkia alichagua," alisema. "Na mkulima hodari naye, ukimpa mpini bila jembe, atalima nini?"

Jumamosi iliyofuata tulikwenda dukani tukiwa na maagizo yake. Tuliomba glasi ya maji. Mwuzaji alitushangaa, lakini akaleta. Brashi mpya hupakwa gundi nyepesi ili manyoya yasiharibike safarini, hivyo ncha nzuri unayoiona dukani yaweza kuwa kazi ya gundi. Ilowe kwanza, gundi itoke, kisha ikung'ute mara moja kwa nguvu. Brashi njema hukusanya manyoya yake yote na kutoa ncha moja. Ikitoa ncha mbili, iache. Halafu ibonyeze kidogo kwenye kidole na uiachie. Isipoinuka, iache pia. Mwisho, tazama kile kipande cha chuma kinachoshika manyoya. Kisiwe na mshono unaoachia wala kucheza kwenye mpini.

Tulijaribu brashi tano. Ya nne ilikuwa na ncha mbili ingawa bei yake ilikuwa kubwa. Tukachukua ya tano, namba 8, moja tu. Bei yake ilizidi kifurushi chote cha kwanza mara sita, na ilitoka kwenye fedha ya kitenge cha sikukuu. Mama wa nyumba hii hajajuta. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na zile brashi 12 zilikuwa zimetugharimu zaidi ya fedha.

Hata hivyo, mama mwenzetu, usikate tamaa kama huna uwezo huo. Siku hizi zipo brashi za nyuzi za kiwandani zenye ncha nzuri, na anayeanza hatakosa kitu akianza nazo. Brashi nzuri ya nyuzi ni bora kuliko brashi mbaya ya manyoya. Zipime kwa maji vilevile.

Ukishanunua, itunze. Usiiache imesimama kwenye glasi kwa ncha yake, maana itapinda. Ioshe kwa maji ya baridi na sabuni laini, usitumie maji ya moto. Chonga ncha kwa vidole, ilaze ikauke, kisha ifunge mahali pakavu, kwa sababu nondo hula manyoya ya brashi kama wanavyokula nguo za sufu. Wala usiwape wadogo zake waitumie kwa gundi! Sisi tumeweka sheria hiyo nyumbani, na baba ndiye mlinzi wake.

Lakini kununua brashi ilikuwa sehemu nyepesi. Usiku ule tulimwita binti, tukamketisha kati yetu. Tulimwambia, "Mwanetu, tulikukosea. Tulisema huna kipaji kabla ya kutazama tulichokupa mkononi. Utusamehe." Alinyamaza kwa muda mrefu, akiigeuzageuza ile brashi kwenye mwanga wa taa. Tuliogopa kwamba tumechelewa.

Kisha akainuka, akaenda chumbani, tukasikia kisanduku kikivutwa kutoka chini ya kitanda.

"Mama," alisema aliporudi, "naomba glasi ya maji."

Bibi yake alipata kadi yake wakati wa Pasaka.