Si Kila Kirukacho Ni Nzi

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo nimeifundisha kwa miaka mingi, nikiiandika ubaoni na kuwatungisha wanafunzi sentensi. Lakini kuifundisha methali ni mbali, na kufundishwa nayo ni mbali. Yaliyonifika nyumbani kwangu Bugolobi nayaeleza hapa kwa sababu yanahusu wadudu, na yanahusu pia kazi yetu sisi walimu wa lugha, yaani kazi ya kukiita kila kitu kwa jina lake.

Bugolobi ni mtaa wa Kampala ulio jirani na bonde la Nakivubo, kinamasi cha mafunjo ambamo maji ya jiji hupita yakielekea ghuba ya Murchison katika Ziwa Viktoria. Mwenye kukaa mahali kama hapo haoni ajabu kuishi na wadudu. Mbu wapo mwaka mzima. Wapo pia nzi wa ziwani, ambao hutoka majini kwa makundi makubwa, hasa karibu na mwezi mwandamo, wakapaa juu ya ziwa mfano wa moshi. Upepo ukiwaleta nchi kavu usiku, huzizunguka taa hadi wakaanguka chini. Hawaumi mtu, na maisha yao ni mafupi.

Basi mwaka juzi, mvua za Machi zilipoanza, niliona kutani mwa nyumba yangu vijinzi vyeusi, vidogo kuliko punje ya mtama. Nikadhani ni wageni wa ziwani, watakwenda zao. Havikwenda. Nikanunua dawa ya kopo. Kila jioni nikafunga madirisha na kupuliza, kila asubuhi nikafagia vilivyokufa, na magharibi ilipoingia vingine vilikuwa vimekwisha shika nafasi zao ukutani. Binti yangu akaanza kukohoa usiku kwa ajili ya ile dawa, wala vijinzi havikupungua.

Hapo ndipo nilipotafuta wa kumlaumu. Chini ya ghorofa yetu, kando ya lango, palikuwa na mama mmoja auzaye mananasi, maembe na bogoya. Niliwahi kuona vijinzi vikizunguka maganda yake, na hilo likanitosha kuwa ushahidi. Nikaiandikia barua kamati ya wapangaji. Barua ile niliipamba kwa ufundi wote nilionao, hata leo sijisifu kwayo. Meza ya yule mama niliiita chimbuko la uchafu. Kamati ilisoma, ikakubali, na mama akaambiwa aihamishe meza yake hadi ng'ambo ya barabara, mahali wasipopita wapangaji warudipo kutoka kazini.

Wiki tatu zikapita. Meza haikuwapo, na vijinzi vilizidi.

Jioni moja nilikutana naye njiani. Alijua vyema ni nani aliyeandika, lakini hakunipandishia sauti. Aliniuliza kwa Kiganda, "Musomesa, wameondoka?" Nikamjibu kwamba bado. Akasema, "Basi niletee mmoja nimwone." Nikapanda juu, nikakinasa kimoja ndani ya bilauri, nikampelekea. Akakiinua kwenye mwanga wa taa ya dukani, akakitazama kwa muda, kisha akasema, "Ssebo, huyu si wa kwangu. Wa matunda ana macho mekundu, na mwili wake una rangi ya asali. Huyu ana manyoya, na mabawa ameyalaza kama nondo. Huyu ni wa maji machafu. Tazama nyumbani mwako."

Usiku ule nilibandika utepe wa gundi juu ya tundu la kupitishia maji sakafuni mwa bafu, upande wa gundi ukitazama chini. Asubuhi nilikuta vijinzi kumi na vinne vimenasa. Nilipong'oa kifuniko niliona kuta za bomba zimefunikwa na utando mweusi wa utelezi, na ndani yake mabuu yakijinyonganyonga. Dawa yangu ya kopo iliviua vilivyoruka tu, na kila siku bomba lilivizaa vingine.

Tiba yake haikuwa na fumbo. Nililisugua bomba kwa brashi ndefu na sabuni mpaka utando ukatoka, nikamwaga maji ya moto, nikarudia kila baada ya siku chache kwa wiki tatu, kwa kuwa mayai na mabuu yaliyosalia yanahitaji wiki moja hadi tatu kuwa vijinzi kamili. Baada ya hapo ukuta wangu ukawa mweupe tena.

Vijinzi vya matunda tiba yake ni nyingine. Hivyo hufuata hamira izaliwayo katika tunda lililoanza kuchacha, na penye joto huchukua siku kumi hivi kutoka yai hadi mdudu kamili. Ondoa tunda bovu, funika mazima, kisha weka siki kidogo na tone la sabuni katika kikombe: vitafuata harufu na kuzama. Tusividharau, kwani asili yake ni hapa Afrika, na kwa kuvichunguza huko New York kuanzia mwaka 1910 Thomas Hunt Morgan alionyesha jinsi sifa za urithi zinavyobebwa, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1933.

Waliotutangulia hapa Uganda waliijua kanuni ya kufuata chimbuko. Katika maporomoko ya mto Nile karibu na Jinja palikuwa na usubi wengi wanaoeneza upofu wa mtoni. Mwaka 1952 wataalamu walianza kutia DDT ndani ya mto wenyewe, wakiwalenga mabuu yanayoshikamana na mawe penye maji yaendayo kasi. Madhara ya dawa hiyo kwa viumbe wengine leo tunayajua, na hakuna atakayeimwaga mtoni ovyo; lakini walijua mdudu wao ni yupi na anazaliwa wapi. Mimi vyote niliviita nzi, na kwa neno hilo moja nikamhukumu mtu.

Barua ya kwanza niliiandika kwa saa moja. Ya pili, ya kukiri kosa, ilinichukua siku tatu, na niliisoma mwenyewe mbele ya kamati, yule mama akiwapo. Meza ilirudishwa langoni. Baadhi ya wanunuzi wake walikuwa wamekwisha zoea kwingine na hawakurudi, na hilo siwezi kulifuta kwa barua.

Walimu wenzangu, tuwapo darasani hatuoni taabu kumsahihisha mwanafunzi asiyetofautisha mbu, usubi na nzi. Tunapiga mstari mwekundu na kuendelea. Siku hizi mstari huo naupiga polepole, kisha namwomba mwanafunzi anieleze mdudu wake anakaa wapi na ana umbo gani, ndipo tulitafute jina pamoja.