Sauti ya mama wa makamo Meru na Embu

Zamani Meru na Embu, nchini Kenya, mwanamke aliifikia haki ya kusema mbele za watu kwa hatua. Bibi arusi aliinamisha kichwa, akawatumikia wakwe na kupokea wageni bila kuonyesha uchovu. Mtoto wake wa kwanza alipotahiriwa, hadhi yake ilipanda. Kwa Wameru aliweza kuingia katika baraza la akina mama, lililosimamia tohara ya wasichana na kuamua migogoro ya wanawake. Ujasiri wa umri huo ulikuwa cheo chenye watu nyuma yake, na mwenye cheo hicho aliweza kukataa jambo bila kuitwa mkosa adabu.

Ngazi hiyo ilivunjika wakati wa ukoloni. Aprili 1956, Njuri Ncheke, baraza la wazee wanaume wa Meru, lilipiga marufuku ukeketaji. Wasichana wengi walijikeketa wenyewe, wakajulikana kama Ngaitana, na kufikia 1959 zaidi ya watu 2,000 walikuwa wameshtakiwa. Ukeketaji ni madhara makubwa na unastahili kukomeshwa. Hata hivyo, mamlaka ya akina mama yaliyofungamana nao hayakupewa makao mengine. Ardhi nayo ilipopimwa na kusajiliwa, hati nyingi ziliandikwa majina ya wanaume.

Zao la chai liliendeleza hali hiyo. Baada ya KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo, kuundwa mwaka 1964, wakulima wa Imenti huko Meru na wa miteremko ya Embu walipanda chai kwa wingi. Mke alichuma, akabeba majani hadi kituoni, yakapimwa kwa namba ya mumewe, na bonasi ikalipwa kwa jina la mume. Asiye na fedha mkononi hulazimika kuishi kwa kuwapendeza wenye nazo. Mke huyo alikubali kila mchango wa harambee, kila mgeni, kila ombi la shemeji, kwa kuwa kesho yeye mwenyewe angehitaji kuomba karo au dawa.

Mabadiliko yalianzia kwenye chama cha akina mama. Kikundi kilichoanza kwa kununuliana sufuria na mabati kiligeuka kuwa mahali pa kuweka akiba na kukopeshana. Humo mama alishika daftari, akamdai jirani deni mbele ya wenzake na kumtoza faini aliyechelewa. Kukataa kwake kwa mwanzo kuliegemea kanuni: kikundi hakiruhusu. Alipozoea, alikataa kwa neno lake mwenyewe. Mke aliyegawiwa mistari ya michai na kupata namba yake ya mkulima alianza kupokea bonasi yake, na M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, ikamwezesha kuiweka fedha yake kwenye simu yake.

Sheria ilifuata. Katiba ya 2010 ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika umiliki wa ardhi, na sheria za ardhi za 2012 zikataka idhini ya mwenzi kabla ya shamba la familia kuuzwa. Mama wa miaka hamsini, aliyekwisha kusomesha watoto, alikuwa sasa na saini inayoweza kusimamisha mauzo. Wengi waliotumia haki hiyo waliitwa vichwa vigumu, na wengine walitengwa na ukoo. Walistahimili kwa sababu kikundi kilibaki nao. Mwaka 2022 kaunti zote mbili zilichagua magavana wanawake, Kawira Mwangaza huko Meru na Cecily Mbarire huko Embu.

Mabadiliko haya hayajawafikia wote. Mjane asiye na hati, kibarua wa kuchuma chai na mke ambaye mumewe hamruhusu kujiunga na chama bado hulipa gharama kubwa wanapokataa. Kwao, wito wa kujiamini hautoshi: wanahitaji mapato yaliyo kwa jina lao, ardhi inayotambuliwa kisheria na wenzao watakaosimama upande wao siku watakaposema hapana.