Ukuta Ndani ya Neno: Daftari la Johannesburg

Jumamosi. Mlangoni mwa bucha moja magharibi mwa jiji pameandikwa SLAGHUIS. Nikalisoma Kiswahili-Kiswahili: sla-ghu-i-si, kwa gh ileile ya ghali na ghala. Mama muuzaji, ambaye kila mteja humwita tannie, yaani shangazi, akaweka kisu chini, akalikata neno hewani kwa kiganja: "Slag. Huis." Kuchinja; nyumba. Hiyo g ni ya neno la kwanza, nayo hutamkwa kama kh ya kheri. Hiyo h ni ya neno la pili, na huis kinywani mwake ilikaribia "heis". Herufi zimebanana, lakini katikati yake pana ukuta.

Tangu hapo nautafuta ukuta huo kila mahali. Kwenye kopo la dukani: grondboontjiebotter. Grond ni ardhi, boontjie ni kiharagwe, botter ni siagi. Ndiyo siagi ya karanga. Mkazo unaangukia mbele kabisa, kwenye grond, na d yake hutamkwa t, maana Kiafrikana hakiruhusu d isikike mwishoni mwa silabi. Vivyo hivyo Witwatersrand, ukingo wa maji meupe, ulioipa jina sarafu ya randi mwaka 1961: w husomwa v, na d ya mwisho ni t.

Kuna shamba katika jimbo la North West liitwalo Tweebuffelsmeteenskootmorsdoodgeskietfontein. Herufi 44! Nimelivunja kwa penseli: twee-buffels-met-een-skoot-morsdood-geskiet-fontein. Chemchemi ambapo nyati wawili waliuawa papo hapo kwa risasi moja. Ukishaona viungo, hofu inaisha. Wanorwei, ambao lugha yao ni ndugu ya mbali ya Kiafrikana, nao huunganisha hivyo, na kwao nafasi moja tu huharibu maana: lammelår ni paja la mwanakondoo, lamme lår ni mapaja yaliyopooza.

Jumapili. Nimefika Mahakama ya Katiba, Braamfontein, iliyojengwa palipokuwa na gereza. Katiba ya mwaka 1996 ilizitambua lugha rasmi 11, na jina la mahakama limeandikwa kwa zote. Kwa Kizulu katiba ni umthethosisekelo: umthetho, sheria, isisekelo, msingi. Sheria ya msingi. Nimelipenda neno hili kuliko katiba yetu ya kuazima, kwa sababu linajieleza lenyewe.

Hapa hakuna ukuta. Ile i ya mwanzo wa isisekelo imemezwa, na silabi zinatiririka kama zetu: u-m-the-tho-si-se-ke-lo. Ke huvutwa, ya pili kutoka mwisho, palepale tunapokaza sisi. Kilichonikwaza ni th tu. Si ile ya thelathini, bali ni t inayosindikizwa na pumzi.

Usiku nimejaribu neno la nyumbani: ki-fu-ngu-a-ki-nywa. Mkazo mkuu unakwenda kwenye ki ya pili, karibu na mwisho, kinyume kabisa na grondboontjiebotter. Wengi wetu bado tunaandika kifungua kinywa, maneno mawili. Wahariri wetu, nawaomba mliandike kifunguakinywa, bila nafasi. Midomo yetu ilishaliunganisha zamani.